Marekani haina mporomoko mmoja wa wahitimu

Mtoto aliyezaliwa Marekani Agosti 2007 alimaliza sekondari mwaka 2025. Alikuwa mmoja wa watoto 4,316,233 waliozaliwa nchini humo mwaka ule, idadi ambayo haijafikiwa kabla wala baada yake. Hata ule uzazi mwingi uliofuata Vita vya Pili vya Dunia, uliofika kileleni 1957, haukuipita. Kisha Desemba 2007 mdororo wa uchumi ukaanza. Nyumba zikanadiwa, ajira zikapotea, na wenye ndoa wakaambiana tusubiri kidogo. Uchumi ulipopata nafuu, wengi walitegemea watoto warudi nao. Hawakurudi. Mwaka 2023 walizaliwa 3,596,017, pungufu kwa zaidi ya laki saba ukilinganisha na 2007.

Ukiongeza miaka kumi na minane juu ya hizo tarehe unapata habari iliyozagaa katika magazeti ya Marekani mwishoni mwa 2024. WICHE, tume ya ushirikiano wa elimu ya juu ya majimbo ya magharibi yenye makao Boulder, Colorado, hutoa kila baada ya miaka michache makadirio ya wanaomaliza sekondari nchi nzima. Toleo la Desemba 2024 lilisema darasa la 2025 lingekuwa kubwa kuliko yote, wahitimu milioni 3.9 hivi, na kwamba kuanzia hapo idadi itateremka hadi milioni 3.4 mwaka 2041. Hiyo ni asilimia 13. Waandishi wakaiita mporomoko, na neno likanata.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambako kila Januari hadithi ni madarasa yasiyotosha na watoto watatu kwenye dawati moja, nchi inayohofia kukosa wanafunzi inaweza kuonekana kama kituko. Lakini si kituko, na si hadithi moja. Neno mporomoko linamfanya mtu aone ukingo mmoja wa mlima unaoisubiri nchi nzima tarehe fulani. Ukichukua ramani na kugawa ile asilimia 13 jimbo kwa jimbo, ukingo wenyewe unatoweka. Kuna walioanza kuteremka miaka kumi na mitano iliyopita, wapo ambao bado wanapanda, na wengine watapanda kwanza ndipo wateremke. Jimbo moja linaweza kupoteza theluthi ya wahitimu wake huku jingine likihangaika kujenga shule.

Tuanze na kanda nne, kama Ofisi ya Sensa ya Marekani inavyozichora: Kaskazini Mashariki, Magharibi ya Kati, Kusini na Magharibi. Kati ya 2023 na 2041, kwa makadirio ya WICHE, Magharibi itapungukiwa na asilimia 20 ya wahitimu, Kaskazini Mashariki 17, na Magharibi ya Kati 16. Kusini itaongezeka kwa asilimia 3. Majimbo 38 yatashuka. Matano tu kati yake, yaani California, New York, Illinois, Pennsylvania na Michigan, yanabeba takriban robo tatu ya upungufu wote wa taifa.

Ukisoma hiyo sentensi ya mwisho mara mbili utaona kuwa sehemu kubwa ya tatizo la kitaifa ni tatizo la majimbo matano.

Hesabu inavyopigwa

Watu wengi hudhani makadirio ya miaka kumi na sita mbele ni ramli. Ni ramli kidogo sana. Atakayemaliza sekondari 2041 ameshazaliwa. Leo yuko kwenye chekechea au bado anabebwa mgongoni, na cheti chake cha kuzaliwa kiko serikalini. Kwa hiyo wataalamu hawabashiri ni watoto wangapi watazaliwa. Wanachobashiri ni mambo mawili: watoto hao watakuwa wanaishi wapi, na wangapi watavumilia shule mpaka mwisho.

Njia wanayotumia ni ya zamani na rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Unachukua waliozaliwa katika jimbo mwaka fulani, kwa kufuata makazi ya mama na si mahali ilipo hospitali, kisha unaangalia miaka sita baadaye waliingia wangapi darasa la kwanza. Unagawa cha pili kwa cha kwanza. Ukipata zaidi ya moja, jimbo limepokea familia kuliko lilivyopoteza. Ukipata chini ya moja, familia zimeondoka, au zimepeleka watoto shule za binafsi, au zinawafundishia nyumbani. Halafu unafanya vivyo hivyo toka la kwanza kwenda la pili, la pili kwenda la tatu, mpaka la kumi na mbili, na mwishowe toka la kumi na mbili hadi kwenye cheti. Unachukua wastani wa uwiano wa miaka michache ya karibuni, unazidisha kwa rika ambalo bado liko njiani, na makadirio yako yamekamilika.

Sasa tazama jinsi vijisehemu vidogo vinavyofanya kazi. Tuseme kuna majimbo mawili, na kila moja lina watoto 50,000 darasa la kwanza. La kwanza linapoteza asilimia moja tu kila mwaka rika linapovuka darasa; la pili linapata asilimia moja. Asilimia moja ni kitu gani? Ni mtoto mmoja kati ya mia, na mwalimu mwenyewe anaweza asigundue. Lakini kutoka la kwanza hadi la kumi na mbili kuna mivuko kumi na moja. Mwisho wa safari jimbo la kwanza lina chini kidogo ya wanafunzi 45,000, na la pili linakaribia 56,000. Majimbo yaliyoanza sawa yameachana kwa watoto 11,000 bila mwaka hata mmoja wa msukosuko wa kuandikwa gazetini.

Ndiyo maana ramani ya waliozaliwa na ramani ya waliohitimu hazifanani. Uzazi umeshuka karibu kila mahali nchini Marekani tangu 2007. Kama uzazi ungekuwa ndio mwamuzi pekee, Kusini nako kungeshuka. Kinachoiokoa Kusini ni watu kuhamia huko wakiwa na watoto wao: Florida, Tennessee, Texas, Carolina zote mbili. Familia iliyochoka na bei za nyumba za New Jersey inauza, inashuka kusini, inaandikisha watoto wawili shule ya umma nje ya Nashville. Kwenye jedwali, New Jersey imepoteza sehemu ndogo sana ya uwiano na Tennessee imeongeza sehemu ndogo sana. WICHE inaikadiria Tennessee kukua kwa asilimia 15 kufikia 2041, na South Carolina kwa asilimia 14.

Kuna ajabu moja ndogo ndani ya uwiano huu ambayo huwachanganya wanaousoma mara ya kwanza. Darasa la tisa mara nyingi ni kubwa kuliko la nane la mwaka uliotangulia. Si kwamba watoto wamezuka. Ni kwamba la tisa ndilo darasa ambalo vijana wengi hukwama: Marekani sekondari inahesabiwa kwa alama za masomo, na asiyekusanya za kutosha anabaki kwenye daraja lilelile mwaka wa pili. Kwa hiyo la tisa linavimba kama mto uliozibwa, na la kumi linapungua.

Asilimia na vichwa

Mahali panapoongoza kwa ukuaji katika makadirio ya 2024 ni mji mkuu, Washington, D.C., kwa asilimia 31. Panapoongoza kwa kushuka ni Hawaii, asilimia 33. Ni takwimu za kuvutia macho, na sidhani kama zinapaswa kuchukua nafasi kubwa kiasi zinachopewa. Wanaohitimu Washington, D.C. kila mwaka ni maelfu machache. Asilimia 31 ya maelfu machache ni watu wa kujaza ukumbi mmoja. California inakadiriwa kushuka kwa asilimia 29, na asilimia hiyo ni zaidi ya vijana laki moja kila mwaka. Mwaka 2007 California walizaliwa zaidi ya watoto 560,000. Kufikia 2022 walikuwa takriban 420,000. Pengo hilo peke yake linazidi wahitimu wote wa majimbo mengi.

Kwa nini California ilianguka hivyo? Jibu la haraka ni bei ya nyumba, na bei ya nyumba imo kweli. Lakini kuna jambo jingine ambalo wachambuzi hulitaja kwa sauti ya chini. Uzazi ulioshuka kwa kasi kubwa kuliko wote baada ya 2007 ni wa wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao California ni moja ya ngome zao. Kwa wastani mwanamke wa jamii hiyo alikuwa akikaribia kuzaa watoto watatu mwaka 2007. Kufikia 2020 alikuwa chini ya wawili. Hata hivyo ukubwa wa jamii yenyewe unafanya wahitimu wake kitaifa waendelee kuongezeka, kwa asilimia 16 kufikia 2041, wakati wahitimu wazungu wanapungua kwa asilimia 26 na weusi kwa asilimia 22.

Tena, sehemu ya watoto wanaokosekana ni watoto wa wasichana waliokuwa wanazaa wakiwa bado shuleni. Mwaka 2007 kati ya wasichana elfu moja wa miaka 15 hadi 19, takriban 41 walijifungua. Mwaka 2023 walikuwa 13. Mtu akilalamika kwamba darasa la 2041 ni dogo, analalamika kwa kiasi fulani juu ya jambo ambalo shule zenyewe zilikuwa zikilipigania kwa miaka mingi. Sijaona msemaji wa chuo akiliweka hivyo katika taarifa kwa waandishi.

Hawaii nako kuna somo lake. Wenyeji wa asili wa visiwa hivyo wanaoishi bara sasa ni wengi kuliko waliobaki visiwani, na Las Vegas imepewa jina la utani la kisiwa cha tisa kwa sababu ya wingi wa waliohamia huko. Familia zinaondoka na watoto wao, na uwiano wa kuvuka darasa unashuka kidogo kila mwaka. Ukiitazama Las Vegas kwenye ramani ya kanda, nayo iko Magharibi. Kwa maana hiyo mtoto akihama Honolulu kwenda Las Vegas, Hawaii imepoteza na Nevada imepata, lakini kanda haikutikisika. Asilimia za kanda huficha uhamaji wa ndani namna hiyo, na ndiyo sababu sipendi kuzitegemea peke yake. Kusini kuna Tennessee inayokua na kuna West Virginia inayokadiriwa kushuka kwa asilimia 26. Ukimwambia mwalimu wa Charleston, West Virginia kwamba kanda yake inakua, atakuuliza umetoka wapi.

Waliotangulia kuteremka

Kaskazini Mashariki na Magharibi ya Kati hawakungoja 2025. Huko mteremko ulianza karibu 2010, na sababu zake ni za zamani kuliko mdororo wa uchumi. Maine ndilo jimbo lenye watu wazima zaidi kwa wastani nchini, umri wa kati ukiwa karibu miaka 45. Vermont ni miongoni mwa majimbo yenye uzazi mdogo kabisa. Viwanda vya Michigan na Ohio vilipoanza kufunga, vijana walifuata kazi kusini na magharibi, na wakazaa huko walikokwenda. Illinois, inayokadiriwa kushuka kwa asilimia 32, ni moja ya majimbo matatu tu ambayo sensa ya 2020 ilionyesha yamepungua watu tangu 2010; mengine ni Mississippi na hiyo West Virginia.

Athari huko zinaonekana kwa macho. Kati ya 2018 na 2019 vyuo vidogo kadhaa vya Massachusetts na Vermont vilifunga milango: Mount Ida, Newbury, Green Mountain, Southern Vermont. Pennsylvania mwaka 2022 iliviunganisha vyuo vikuu sita vya umma kuwa viwili. (Kimoja kati ya hivyo sita kilikuwa kikiitwa California, kwa jina la mji mdogo wa Pennsylvania.) Mei 2025 bodi ya Penn State ilipiga kura kufunga matawi saba baada ya muhula wa mwanzo wa 2027. Mengi yako katika miji midogo ambako tawi la chuo ndilo mwajiri anayetegemewa, na likiondoka linaondoka na mgahawa, nyumba za kupanga na timu ya mpira.

Lakini hapa pia panahitaji uangalifu. Si kila chuo kinachofungwa kimefungwa na uhaba wa wahitimu. Birmingham-Southern kilifungwa Mei 2024 huko Alabama, katikati ya kanda inayokua, kwa sababu ya fedha zilizokuwa zimeharibika kwa miaka mingi. Idadi ya wahitimu ni kama mvua: shamba lililotunzwa hustahimili kiangazi, na lililochoka hukauka hata majirani wakivuna.

Vyuo ambavyo havijafungwa vinaanza kuvuka mipaka. Chuo kikuu cha Maine tangu 2016 kinawaambia vijana wa Massachusetts, Connecticut, New Jersey na kwingineko: njoo kwetu, tutakutoza ada ileile ambayo chuo kikuu cha jimbo lako kingekutoza. Ni mkakati wa jimbo linalojua kwamba watoto wake wenyewe hawatoshi. Majimbo ya magharibi yana mpango wa aina yake ambapo mwanafunzi wa jimbo jingine halipi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mwenyeji. Tatizo ni kwamba kila mmoja anapovua katika bwawa la jirani, samaki hawaongezeki.

Kuna jimbo moja linalovunja utaratibu wote huu. North Dakota, lililo Magharibi ya Kati, lilipata mafuta. Wakati taifa zima linapunguza kuzaa baada ya 2007, vijana walimiminika kwenye visima vya Bakken, wakapata mishahara, wakaoa, na watoto wakaongezeka mpaka katikati ya miaka ya 2010. Rika hilo litafika darasa la kumi na mbili kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2030, wakati majirani zake wakiwa katikati ya mteremko.

Kwa nini utabiri wa awali ulikosea

Mteremko huu uliwahi kutangazwa kabla. WICHE katika toleo la mwisho wa 2012 ilisema wahitimu wamefika kileleni 2011 na wataanza kupungua kwa miaka kadhaa. Haikuwa hivyo. Uzazi ulikuwa umehesabiwa sawasawa. Kilichobadilika ni watoto kubaki shuleni. Mwaka 2011, wanafunzi wa shule za umma waliomaliza kwa wakati, yaani miaka minne toka waanze la tisa, walikuwa asilimia 79. Kufikia 2022 walikuwa asilimia 87. Katika taifa lenye rika la mamilioni, pointi nane ni vijana wengi mno, na ndio walioziba pengo ambalo uzazi ulikuwa unaliacha.

Ongezeko hilo nalo halikugawanyika sawa. Mwaka 2019 Iowa na Alabama zilikuwa na asilimia 92. New Mexico ilikuwa na 75 na Washington, D.C. 69. Kwa Iowa hakuna tena cha kukamua. Ukifika 92, kila pointi ya ziada inatafutwa kwa tochi. New Mexico inaweza kupoteza watoto wengi wanaozaliwa na bado ikabakisha wahitimu ikiwa itafanikiwa kuwashika wanaoacha njiani. Majimbo mawili yenye uzazi unaoshuka kwa kasi ileile yana mustakabali tofauti kwa sababu moja lina akiba ya wanaoacha shule, tuseme hivyo ingawa neno akiba halikai vizuri hapo.

Washington, D.C. inaonyesha jambo hilo pamoja na jingine. Miaka ya nyuma wenye watoto waliishi mjini mpaka mtoto anakaribia darasa la kwanza, kisha wakavuka mto kwenda Virginia au wakapanda kaskazini kwenda Maryland kutafuta shule. Mwaka 2008 mji ukapitisha sheria ya kupanua shule za awali za umma kwa watoto wa miaka mitatu na minne. Mzazi ambaye mtoto wake ameshaanza shule akiwa na miaka mitatu, bila kulipa, ana sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kuhama. Familia zilizobaki huenda ni sehemu ya sababu ya ile asilimia 31.

Umma na binafsi

WICHE inajumlisha wahitimu wa shule za umma na za binafsi, ila tisa kati ya kumi ni wa umma. Ukitaka kujua habari za shule za umma peke yake, lazima uziangalie peke yake, na hapo mambo mawili yamevuruga mstari.

La kwanza ni janga la UVIKO. Septemba 2019 shule za umma zilikuwa na wanafunzi milioni 50.8, mwaka mmoja baadaye walikuwa milioni 49.4. Chekechea ilipoteza asilimia 9. Wengine walirudi, wengine wakabaki kusomea nyumbani. Sasa kumbuka namna hesabu inavyopigwa: wastani wa uwiano wa miaka michache iliyopita. Ukitumia miaka ya janga, unaamini kwamba ile hali ndiyo ya kudumu. Ukiiruka, unaamini kwamba haikuacha alama. Mtoto aliyekuwa chekechea mwaka 2020 atamaliza 2033, kwa hiyo swali hili litabaki mezani kwa muda.

La pili ni fedha za serikali kumfuata mtoto kwenda shule ya binafsi. Arizona ilifungua mlango huo kwa watoto wote mwaka 2022, Florida mwaka 2023. Katika majimbo hayo idadi ya watoto inaweza kupanda na idadi ya wahitimu wa umma isipande nayo. Na ukitaka kuwafuata waliokwenda binafsi, takwimu ni haba, kwa kuwa serikali kuu hufanya uchunguzi wa shule za binafsi kila baada ya miaka miwili, wakati shule za umma hutoa idadi kila mwaka kwa kila darasa. Basi Florida inayokadiriwa kukua kwa asilimia 12 inakua wapi hasa, umma au binafsi? Mjini Tallahassee, makao makuu ya jimbo hilo, jibu la swali hilo lina uzito kuliko asilimia yenyewe, kwa sababu linaamua shule ipi ijengwe na ipi ifungwe.

Watoto wasiozaliwa jimboni

Nimesema uwiano unabeba wanaohama. Wengi wa hao ni Wamarekani wanaohama toka jimbo moja hadi jingine, lakini wamo pia watoto ambao cheti chao cha kuzaliwa hakikuandikwa Marekani. Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia kwenye hesabu.

Kwa miaka kadhaa kuanzia 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa nchi iliyoongoza, au kati ya zilizoongoza, kwa wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengi wao walikuwa wametoka Kivu na kukaa miaka mingi kambini, kama Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako watoto walizaliwa na kukua wakizungumza Kiswahili. Walipelekwa Kentucky, Texas, Ohio, Iowa, Idaho. Shule za Louisville, mji wa Kentucky, zina wanafunzi wengi wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Portland, Maine, ilipokea kwa njia nyingine: Juni 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika mjini humo kwa mfululizo na wakalazwa kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa michezo mpaka makazi yapatikane.

Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu akaingia darasa la saba Louisville hayumo katika idadi ya waliozaliwa Kentucky. Haonekani kwenye darasa la kwanza, la pili wala la sita. Anazuka kwenye mvuko wa sita kwenda saba, yeye na wenzake wakiwa tone linalosukuma uwiano, tuseme, kutoka 0.998 kwenda 1.001. Kwa jimbo kubwa tone hilo linamezwa. Kwa Maine, ambako kila mwaka wanaofariki ni wengi kuliko wanaozaliwa, matone ya namna hiyo yana uzito katika madarasa ya miji kama Portland na Lewiston. Akijaliwa, miaka sita baadaye anavaa joho na kuhesabiwa mhitimu wa shule ya umma. Mzazi wake anapiga vigelegele katika ukumbi uleule ambamo wenyeji wanasikitikia uhaba wa watoto.

Makadirio yaliyotoka Desemba 2024 yalitumia uwiano wa miaka ambayo wakimbizi walikuwa wanaingia. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kuapishwa kwa Rais Trump, amri ilitiwa saini kusimamisha mpango wa kuwapokea. Kitakachotokea hakitaonekana kwenye darasa la kwanza, maana huko watoto waliozaliwa tayari nchini ndio wengi. Kitaonekana kwenye mivuko ya kati na ya juu, toka la tano mpaka la tisa, ambako watoto waliokulia kambini walikuwa wakijitokeza katikati ya safari. Toleo lijalo litakapopigwa hesabu, mtu wa kwanza kuona tofauti hiyo huenda akawa karani wa uandikishaji wa shule moja ya Louisville, anayeangalia orodha ya darasa la saba na kukuta ina majina yaleyale ya mwaka jana.